Anayeichaji Betri ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini hujambo, na wifi yangu na watoto ni wazima. Sisi tunashukuru. Mama miguu inamsumbua, lakini ulimi wake, wewe mwenyewe unaujua, haujapata kuugua.

Duka linakwenda. Wateja ni walewale: mtu anachagua betri kwa rangi, utadhani ananunua kitambaa. Nikimwambia atazame kwanza tarehe iliyogongwa ubavuni, maana betri iliyokaa sana rafuni imezeeka kabla hata ya kufungwa garini, ananiambia nisimfundishe. Baadaye anarudi analia. Baba alikuwa akiwacheka tu.

Sasa nije kwenye lile jambo letu. Ni kweli nilikuandikia kwamba Mama amerukwa na akili, na nikakubali uje umchukue, gari la Baba liuzwe. Gari hilo halijawashwa tangu tumzike. Betri ikiachwa hivyo hujifia yenyewe. Hilo hata wewe uliyelikimbia duka unalijua. Lakini kila nilipofungua boneti niliikuta imejaa. Vichwa vyake vimesuguliwa, havina ule unga wa kijani, vimepakwa grisi, na maji yamefunika sahani zake sawasawa. Asubuhi chaja ya dukani naikuta ina moto. Nywele zilinisimama, kaka.

Nilipomuuliza Mama, alinijibu bila hata kuacha kuchambua mchele kuwa ni Baba. Eti huja akafanya kazi yake kwa mkono wa kushoto, kama zamani, na akimaliza, yeye Mama humshika mkono, akamrudisha kitandani na kumfunika shuka. Alisema hivyo kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha. Nikasema maskini Mama, huzuni imemzidi, kumbe ni yeye anayekwenda huko gizani kucheza na asidi. Ndipo nikakuandikia.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha kuhusu asidi. Ikikudondokea kwenye nguo huoni kitu. Ukishafua ndipo matundu yanapojitokeza. Basi Jumamosi nikafua nguo zote za Mama, nikazikagua juani moja moja. Hazikuwa na hata tundu moja. Nikafua na zangu, kwa kuwa tu maji yalikuwa yamebaki.

Gauni langu la kulalia lilitoka kwenye beseni limetobokatoboka, kifua chote na mkono wa kushoto.

Nilikaa chini palepale. Mama akatoka, akalitazama, akalichukua mikononi mwangu na kulianika. Akaniambia nisimwambie mtu. Yeye ni mzee, watu wakisema amerukwa na akili hapungukiwi kitu. Mimi nina duka na maisha mbele yangu, afadhali asemwe yeye. Nililia, kaka, nikaona haya. Nikamuuliza mbona basi alisema ni Baba. Akasema kuwa nikiwa pale kwenye gari nashika spana kwa kushoto, mimi ambaye kushoto hata kijiko hakinikai. Na akinirudisha kitandani, namwita kwa jina ambalo Baba alikuwa akimwita wakiwa wawili tu. Jina hilo mimi sijawahi kulisikia. Nimemwomba anitajie, amekataa katakata.

Kwa hiyo nakusihi, usije kumchukua Mama. Hana wazimu wowote. Yeye ndiye anayenirudisha. Na huyo mnunuzi uliyempata, mwambie gari haliuzwi. Likiondoka, sijui nitatoka kwenda kulitafuta wapi.

Nisalimie wifi na watoto. Mama naye anakusalimu sana, anasema uangalie maji ya betri ya gari lako, maana anakujua ulivyo mvivu.

Ni mimi mdogo wako,
yuleyule uliyezoea kumwita Kiroboto.