Cucu Alisema Atajisemea

Anita, uko? Nimeharibu. Nimeharibu vibaya sana.

Unakumbuka cucu, nyanya aliyemzaa mama, alikataa kusomewa historia yake kwa mazishi? Alisema atajisemea mwenyewe. Nikamrekodi kwa leptopu, na ile skrini nyeusi ya komandi wewe hunicheka nayo.

Sasa leo hapa Othaya pasta akasema ni zamu ya cucu. Nikaharakisha, Anita. Badala ya kuandika aplay, komandi ya kucheza sauti, nikabonyeza mshale wa juu urudishe komandi ya mwisho, nikapiga Enter bila kuangalia.

Mama akawaambia watu, "Nyamazeni, mama anataka kuongea."

Tenti yote kimya. Hata anko Mburu. Tukangoja. Mimi nacheza na waya za spika, ati labda ni spika.

Halafu nikaangalia skrini. ARECORD, ile ya kurekodi. Hiyo ndiyo ilikuwa komandi ya mwisho, na jina la faili ni lile lile. Haikuniuliza kitu! Ilimfuta cucu, ikaanza kuturekodi sisi tukimngoja.

Usiniulize kopi. Sina.

Niliwadanganya ati spika imekufa. Mama hata hakukasirika. Amenishika bega akasema, "Sawa tu, nitumie kwa simu, nitamsikiza nikiwa peke yangu."

Nimejificha nyuma ya jikoni, nimecheza hiyo faili mara mbili. Kuna mvua kidogo kwa tenti, halafu sauti ya mama.

"Nyamazeni, mama anataka kuongea."

Basi. Hakuna kitu ingine.