Silinda Isiyolalamika

Same, Jumapili baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Itikia kwa sauti, maana huku Same upepo ni mwingi, lakini nitakusikia. Barua yako ya tatu mwaka huu imefika. Umeandika "mimi mzima kabisa", wala mgongo wako hukuutaja. Sisi hatujambo. Mume wangu Mbonea anakuamkia, na mchumba wako Neema, ambaye hujamwona bado, ameota meno mawili na anayajaribia kwangu.

Sasa sikia vituko. Ile pikapu ya kubebea tangawizi kutoka milimani, ambayo Mbonea aliahidi itatuleta kwako Songea baada ya mavuno, ilianza kugonga na kutoa moshi mweusi hadi majirani wakaanua nguo. Fundi wa mjini akatikisa kichwa: "Injini imekufa hii, uzeni." Mbonea akapata mnunuzi kutoka Kileo, aje Jumamosi. Baba, nililia! Bila pikapu, Songea nitaiona lini?

Ijumaa asubuhi nikamwambia, "Baba Neema, nipe spana namba kumi na saba, halafu washa gari." Akacheka. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta maharage. "Mpe," akasema. "Maiti haiuawi mara mbili."

Nikafanya ulivyonifundisha gerejini. Injini inaunguruma, nalegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja moja, mikono mbali na dizeli inayoruka. Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, wapi! Kama sijagusa kitu. Nikakumbuka maneno yako: "Silinda nzima, ukiinyima dizeli, utaisikia ikilalamika. Isiyolalamika ndiyo mgonjwa." Nikaichomoa nozeli yake, nikaiunga na bomba lake nje, Mbonea akapiga stata. Badala ya kupuliza ukungu wa dizeli, ilichuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua.

Mbonea akadandia basi la Moshi. Siku hizi ni ruksa, Baba! Nozeli zimejaa madukani, si kama enzi zile ulizokuwa ukisugua kuukuu wiki nzima. Alasiri akarudi nazo nne, maana ulisema ukibadili moja tu, wenzake watanuna. Nikafunga, tukawasha: chuf! chuf! chuf! Mbonea akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe washa ya zamani, kile kipete cha shaba, iling'ang'ania chini ya tundu, nami nimeweka mpya juu yake, pumzi ikawa inavujia hapo. Mimi, niliyekua nikivaa washa zako kuukuu kama pete! Nikaikwangua, nikafunga upya. Safari hii injini ikatulia, moshi hakuna. Mama mkwe akatupa ungo, akapiga vigelegele, maharage yote chini. Mnunuzi alipofika Jumamosi, Mbonea alimpa chai na pole.

Nisalimie shangazi anayekupikia, kaka yangu wa gereji, na yule jirani mwenye redio, nimezikumbuka hata kelele zake.

Nawe, Baba. Tangu niolewe, hapakuwa na barua uliyoandika bila kuulalamikia mgongo. Hizi tatu za mwisho, kimya.

Usinijibu. Mavuno yatasubiri. Tangi limejaa, tunaondoka kesho alfajiri, na tukiitangulia barua hii, utaisoma mchumba wako akiwa amekukalia mapajani.

Mshika spana wako,
Skola