Mgonjwa wa Saa Nane ya Usiku

Zaituni, shoga yangu,

Wameniajiri! Nimeanza na hilo kabla ya salamu, maana hali yako siwezi kukuuliza, na yangu ungeniona tu ungeijua. Tangu jana natembea nikicheka peke yangu barabarani, watu wananipisha njia wakidhani nimerukwa na akili. Mimi, Staza wa mama muuza vitumbua, nimeandikiwa mkataba wa kutengeneza programu za kompyuta. Ofisi yetu iko Magomeni, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Nina meza yangu na kiti kinachozunguka. Siku ya kwanza nilikizungusha hadi kichefuchefu.

Nimewaambia watu wengi, nao wamenipongeza vizuri tu. Lakini hakuna hata mmoja aliyepiga kelele. Wewe ungepiga kelele mpaka majirani wajae uani.

Juzi mwenzangu wa ofisini aliniuliza nilianzia wapi kupenda haya mambo, nikamjibu nilianzia kwenye karanga. Akadhani namtania. Ningemweleza vipi? Ilikuwa enzi za ruksa, tukiwa darasa la sita. Vitu vilikuwa vinaingia mjini kwa marobota, nguo na viatu na vitabu vya Kizungu ambavyo mtu alinunua kwa kilo ili apate karatasi za kufungia. Mzee Likwanda alikuwa na kibao chake cha karanga karibu na Barabara ya Kilwa. Siku moja karanga zangu zilikuja zimefungwa kwenye ukurasa wenye mistari iliyopewa namba, kumi, ishirini, thelathini, na kila mstari ulikuwa ni amri. Ulikuwa umelala, mifupa inakuuma, nikakuletea karanga zikupoze. Ukazimwaga kwenye kanga na kuanza kusoma karatasi. Karanga nikala mimi.

Tulikwenda kumwomba kitabu chote. Alitutazama kwa jicho moja akasema, "Mkitaka kitabu, nunueni karanga." Basi tukala karanga, Zaituni! Tulikula mpaka mama yako akauliza kama kuna mganga aliyetuagizia. Ukurasa baada ya ukurasa, na kamusi ya mjomba wako yenye jalada lililoliwa na mende, tukajua kwamba kile ni kitabu cha kumfundisha mtu namna ya kuipa kompyuta maagizo. Kompyuta yenyewe hatukuwahi kuiona hata dirishani.

Ni wewe uliyepata dawa ya hilo. Ulikuwa kitandani wiki nzima kwa ule ugonjwa wa damu uliozaliwa nao, wenzetu wanaruka kamba nje, ukaniambia, "We andika, mie ntakuwa mashine." Tukapanga viberiti vitupu pembeni ya godoro, kila kimoja na herufi yake, na punje za mahindi ndani kuwa ndiyo hesabu. Mimi naandika mistari, wewe unaifuata mmoja mmoja, unatoa punje hapa unatia kule. Na ulikuwa mashine mkorofi! Nikisahau kitu kidogo tu unasimama pale pale. Nikikubembeleza kwamba unajua nilichokusudia, jibu lilikuwa lile lile: "Sijui ulichotaka. Najua ulichoandika."

Ile programu ya kuosha vyombo siwezi kuisahau mpaka naingia kaburini. Niliiandika iamue zamu ni ya nani. Kumbe nimeiagiza iseme, irudi juu, iseme tena, na ukurasa unaofundisha namna ya kuisimamisha ulikuwa umeshauzwa na karanga za mtu mwingine. Ukaanza: "Staza aoshe vyombo. Staza aoshe vyombo." Alasiri ikapita. Adhana ya magharibi ikapita. Ukaendelea hata na tonge mdomoni, mpaka mama yako akaja na mwiko mkononi akikuamuru unyamaze. "Sijaambiwa ninyamaze, mama." Alicheka akakaa chini. Vyombo niliosha mimi, maana mashine ilikuwa imeshasema.

Uliondoka kabla sijagusa kompyuta ya kweli, na hili linaniuma kuliko yote. Masika yale uliyofariki, mimi nilikuwa nimeshaacha kuandika. Nilikuwa naamka na mama yangu kukoroga unga wa vitumbua, basi. Baada ya arobaini yako ndipo nikasikia kwamba pale Temeke kimefunguliwa chuo cha kompyuta, maana siku hizi vyuo hivyo vinachipuka kama uyoga. Mama yangu aliniangalia nilivyonyong'onyea akasema niende, unga ataukoroga mwenyewe. Unajua kitu cha kwanza nilichochapa mwalimu alipogeuka? Vyombo! Zaituni, kazi iliyokuchukua alasiri nzima, kompyuta ilijaza kioo kabla sijainua kidole. Staza aoshe vyombo, Staza aoshe vyombo, kioo kinapanda tu kama maji ya mfereji uliopasuka. Mwalimu alikuja mbio akidhani nimeiharibu. Mimi nalia na kucheka kwa pamoja, darasa zima linanitazama.

Sasa nikufikishe kwenye habari yenyewe.

Ofisini walinichukua kwa majaribio. Bosi wetu, Bwana Hoza, ni mtu wa maneno machache na suruali yenye mkunjo wa kukata mkate. Alinipa kazi moja tu: hospitali ndogo ya binafsi huku kwetu Temeke inataka kompyuta iwakumbushe manesi ni mgonjwa gani anapaswa kupewa dawa na saa ngapi. Ikifanya kazi mbele ya daktari mwenye hospitali, nabaki. Isipofanya kazi, tutaagana. Hakunitisha, alisema hivi hivi kama mtu anayetaja bei ya sukari. Lakini mimi nilijua kinachonisubiri ni lile karai la mafuta. Sidharau vitumbua, vimenilea, ila moyo wangu ulikuwa umeshahamia kwenye kile kiti.

Nikajitia ujanja. Kompyuta huhesabu saa zake kuanzia sifuri, yaani saa sita ya usiku, mpaka ishirini na tatu, halafu inarudi sifuri. Manesi wetu wanasema saa kama mimi na wewe, saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Kwa nini wajigeuze ulimi kwa ajili ya mashine? Nikaandika programu ipokee saa za Kiswahili na kuzigeuza yenyewe: ongeza sita, na ikiwa ni usiku ongeza kumi na mbili tena. Saa mbili asubuhi inakuwa nane, saa mbili usiku inakuwa ishirini. Saa kumi na mbili ya asubuhi ilinitoa jasho siku nzima, maana ilikuwa inageuka jioni, nikaishinda. Baada ya hapo nikavimba kichwa. Kila nilipoijaribu ilijibu sawasawa, nami niliijaribu asubuhi, mchana na jioni, yaani saa ambazo mtu wa ofisini yuko macho.

Jumamosi kabla ya siku ya kumwonyesha daktari, umeme ukakatika Magomeni. Nikachukua karatasi zangu nikapita kwenu kumsalimia mama. Nilikuwa napita sikukuu kwa sikukuu, na mlango wa chumba chako sikuwahi kuuona wazi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaziona karatasi. Akaiangalia sana ile mistari. Kisha akainuka, akaufungua mlango wako, akakaa kitandani akajifunga kanga kiunoni. "Haya. Leo mie ndo Zaituni. Nipe maagizo."

Nilikaa chini pale pale nilipokuwa nakaaga.

Viberiti vilishaishia jikoni zamani, akaleta vikombe vya kahawa na punje za mahindi. Nikamweleza, naye alikuwa ameshika mengi kuliko nilivyodhani, maana miaka yote ile alikuwa anatusikia akiwa anachambua mchele. Akaniuliza amwandikie mgonjwa dawa ya saa ngapi. Nikamwambia achague. Hakufikiri hata kidogo. "Saa nane ya usiku," akasema.

Akaongeza sita, zikawa kumi na nne. Usiku, akaongeza kumi na mbili. Akahesabu punje, akahesabu tena. Ishirini na sita. Akanitazama. "Mwanangu, saa ishirini na sita ndo saa ngapi? Huyu mgonjwa atakunywa lini dawa?"

Hakuna saa ishirini na sita. Kompyuta isingelalamika wala isingetoa kosa lolote. Ingekaa kimya na jina la mgonjwa wake, ikingoja saa ambayo haifiki, na nesi angeamini kwamba ukimya maana yake hakuna wa kuamshwa. Kila dawa ya usiku mkuu ingepotea hivyo. Mbele ya daktari ingependeza sana, kwa sababu yeye angekuja mchana.

Na mama yako aliichagua saa ile kwa sababu ndiyo aliyoijua. Miaka yote uliyougua alikuwa anaamka saa nane ya usiku kukupa kidonge, anakukalisha, anakushikia kikombe. Aliniambia bado anaamka. Anafungua macho saa ile ile, halafu anakumbuka.

Tulilia, Zaituni, sikufichi. Tulilia sana. Halafu akajifuta kwa ncha ya kanga akaniuliza, "Sasa unaitengenezaje?" Nikaandika hapo hapo, juu ya godoro lako: ikizidi ishirini na tatu, toa ishirini na nne, na tarehe isogee mbele. Akaifuata tena mwanzo hadi mwisho. Punje zikabaki mbili. Kichwa chake kikatikisika taratibu, kama chako ulipokuwa unaona mstari umekaa sawa.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya daktari. Nilimwomba nesi wa zamu aandike mwenyewe mgonjwa yeyote, saa yoyote aitakayo. Akaandika saa nane usiku! Nadhani wote wanaokesha na wagonjwa wana saa hiyo moyoni. Nikaisogeza saa ya kompyuta hadi dakika moja kabla, tukasubiri. Bwana Hoza anakunja na kukunjua karatasi. Mimi nimeshika ukingo wa meza. Ikalia! Jina la mgonjwa, kitanda chake, dawa yake, wazi kabisa kwenye kioo. Nesi akapiga kofi moja kubwa akasema, "Hii kiboko!" Daktari akauliza nani aliikagua, nikasema mama mmoja wa Mtoni, akadhani ni mtaalamu. Sikumsahihisha. Mkataba niliusaini jioni ile ile, mbiombio mpaka sahihi ikatoka kama ya mtu mwingine.

Nilikimbia kwenu nikiwa bado na karatasi mkononi. Nikamweleza yote kwa pupa, kofi, daktari, mkataba, kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho na hakuuliza chochote kuhusu mshahara wala mkataba. Aliuliza, "Kwa hiyo huyo mgonjwa ataamshwa?"

Nikasema, "Ataamshwa, mama."

Akashusha pumzi ndefu, akasema basi, alhamdulillahi, akaenda kuniwekea chakula. Leo asubuhi nimepita tena kabla ya kazi. Ameniambia usiku wa jana alilala mpaka alfajiri.

Ninayo ahadi moja tu ya kukupa, nayo nitaishika. Kila nitakachoandika ambacho kitamgusa mtu aliye kitandani, mama yako atakipitia kwanza, mstari kwa mstari. Nikikosea, nikosee mbele yake, si mbele ya mtu anayengoja kuamshwa.

Mungu akupe usingizi mwema, shoga yangu. Zamu ya usiku tumeichukua sisi.

Wako,
Staza