Wimbo Nilioupandisha

Kaka Faustin,

Leo nimeshindwa kumaliza kupaka vanishi kiti kimoja. Bado niko Gisozi, katika karakana ileile ulimonikuta, ila siku hizi wateja wananitazama mara mbili kwa sababu ya bango la bendi pale kwenye makutano ya Sonatubes. Humo nimevaa koti jeupe, nimefumba macho kama mtu anayesali. Ungenicheka sana.

Ndiyo, mimi ndiye mwimbaji wa kwanza sasa. Na wewe ndiye uliyeniingiza. Ulinisikia nikiimba huku napiga msasa, ukanipeleka mazoezini, ukanisimamisha nyuma na waitikiaji, ukanifundisha kuvuta pumzi kabla ya neno.

Ulipoanza kuugua kifua ulinikabidhi wimbo wako, ule uliomtungia shemeji Aline mkiwa bado Bukavu. "Leki, unishikie mikro, narudi," ulisema. Leki, mdogo wako. Wiki chache tu. Lakini watu waliupenda, wakaanza kuninyooshea simu zao, na mimi nikanogewa.

Halafu ukarudi. Jumamosi mchana, mazoezini Kimisagara, shati linakupwaya, ukaomba wimbo wako. Kiongozi wa bendi akasema ni haki yako. Ulipotoka kunywa maji, nilimsogelea mpiga gitaa nikamwambia aupandishe hadi ufunguo wa juu, kwamba wewe mwenyewe ndivyo ulivyotaka. Nilijua kifua chako hakitafika huko juu, kaka. Nilijua.

Ubeti wa kwanza uliuvuka kwa shida. Kwenye kiitikio sauti ikakatika. Ukanitazama, ukanipa mikro, ukaenda kukaa juu ya spika na kunipigia makofi ya mdundo mpaka nikamaliza. Miezi miwili baadaye tulikuzika.

Tangu hapo, kila Jumapili magitaa yanapochangamka na watu kuinuka kucheza, narusha majina kama ilivyo desturi yetu. Wakubwa wanakaa mbele wakisubiri kutajwa, nami nawataja wote. Lako sijawahi kulitaja.

Jumapili iliyopita shemeji alikuja na watoto. Tulipomaliza alinishika mkono akanishukuru. "Faustin aliniambia," alisema, "ye mwenyewe njo aliomba bapandishe wimbo, ili wewe upate nafasi." Nikaitikia kwa kichwa. Nikanywa soda yangu. Mwoga mimi.

Kumbe ulijua. Mpiga gitaa lazima alikueleza nilichosema, nawe ukaubeba uongo wangu hadi nyumbani kwako, ukamwambia mkeo kuwa ni kweli. Ni afadhali ungenitukana mbele ya bendi nzima. Matusi ningeyasahau. Hili nafanya nalo nini? Nalala nalo, naamka nalo, napaka nalo viti vya watu.

Kesho asubuhi naenda kwa shemeji. Nitamweleza yote, hata lile la maji uliyotoka kunywa. Wimbo ni wake, jina lake ndilo limo ndani. Akisema nisiuimbe tena, sitauimba, na kiongozi atafute mtu mwingine wa kuweka kwenye bango.

Akiniruhusu, Jumapili wimbo utashuka mpaka pale ulipokuwa ukiuimba wewe. Magitaa yakichangamka nitataja jina moja tu, na hao wa mbele wanune wakitaka.

Pumzika, kaka. Uliniambia nikushikie mikro tu, mimi nikaichukua.

Leki wako,
Innocent