Picha Iliyobaki Kwenye Kiberiti Chako

Dada,

Amani ya Mola ikufikie huko ulikotangulia. Najua barua haiendi kaburini. Kinachokufikia ni dua, na hiyo sijakukosesha tangu siku ile tulipokuosha. Hii naiandika kwa sababu kuna jambo uliniagiza nami sikulitimiza sawasawa, na nyumba nzima sina mwengine wa kumwambia.

Kwanza habari ndogo ndogo. Paka wako amehamia kwangu. Hanipendi, lakini anakula. Yasmini yako ya darini ilinyauka upande mmoja, upande wa pili yatoa maua. Chumba chako nimekifagia na kukifunga. Ni miezi saba sasa.

Sasa kiberiti, kama walivyoiita kamera yako kwa udogo wake.

Iko ndani ya lile kopo la biskuti, nimeiviringa kwa leso yako ya kijani. Kifuniko cha betri bado kimeshikwa na lastiki. Mdomo wake wa lenzi hauchomozi mpaka uupige kofi dogo ubavuni, kama ulivyokuwa ukifanya ukisema, "Amka, mvivu we." Na kila nikitoa betri kuichaji, ikirudi yaniuliza tarehe. Wewe hukuijibu hata siku moja, nami naipita vilevile. Kwa hiyo arusi zote ulizopiga, miaka yote ile, kwa hesabu ya kiberiti zilikuwa siku moja.

Wakati ule sikuelewa kwa nini wanawake walikuamini hivyo. Simu zao zilikuwa nzuri mara kumi, lakini siku ya hina zilikusanywa mlangoni kwenye kikapu, na Bi Amina akakalia kiti mbele ya kikapu kama askari. Kamera yako tu ndiyo ilipita, kwa kuwa haikuwa na pa kuzipeleka picha. Watu walivua buibui, wakaachia nywele, wakacheza, nawe ukawapiga picha. Hukuchapisha hata moja, maana wenye mashine za kuchapisha ni wanaume. Aliyetaka kujiona alikuja kwako baada ya alasiri, akakaa mkekani, akajiona, akarudisha.

Ulipolala kitandani mara ya mwisho uliniambia, "Zile picha ni amana ya wenyewe. Nikiondoka, zifute. Usiache moja." Nikasema ndiyo.

Haukupita muda. Kwenye matanga yako, Mungu anisamehe nikisema, nilipewa pole na kuulizwa swali moja kwa pumzi moja. Mtu anikumbatia, alia, kisha aninong'oneza sikioni, "Na kile kiberiti, nani anacho?" Ningeweza kubonyeza mara moja zikaondoka zote. Nikaona si haki. Nikawaita wenyewe, kila mmoja aje ajione mara ya mwisho, afute kwa kidole chake.

Dada, ungecheka. Bi Amina alijiona akicheza akasema, "Mimi huyu? Kumbe nilikuwa na kiuno!" Akakataa kubonyeza mpaka adhana ya magharibi ikamfukuza. Mama Siti alifuta, akanirudishia kamera, akaichukua tena: "Futa mara ya pili, isije ikarudi." Nikamwambia hairudi. Hakuniamini, akaisomea Ayatul Kursi. Wengine walibonyeza, wakavaa viatu, wakaenda zao. Siku baada ya siku kamera ikawa nyepesi, ingawa najua picha hazina uzito.

Ikabaki moja.

Waijua ni ipi. Hina ya Salma wa Bi Rukia. Salma yuko katikati, mikono imepakwa haigusi kitu, na rafiki zake watatu wamemzunguka, nywele wazi. Huyu mtoto hakupenda kupigwa. Kila ulipoinua kamera alijificha uso, na siku ile hina ilimzuia, ndipo ukampata akicheka. Hakumaliza mwaka, akafa na uzazi wake wa kwanza. Mama yake ana picha ya kitambulisho tu, na asema yule si mwanawe, ni mtu aliyekasirika. Ndiyo maana kila Ijumaa alikuja kwako. Ijumaa ya kwanza baada ya matanga alikuja kwangu, akakaa palepale mkekani, akanyoosha mkono. Nilimpa.

Nikabaki na agizo lako upande mmoja na mkono wa Bi Rukia upande wa pili. Mpwa wetu wa kike aliniambia, "Khalati, niichukue kwa simu nikate hao wengine, dakika moja." Nikamwambia picha hii haiingii simu ya mtu.

Lakini nikuambie kweli yote, maana wewe sikuwahi kukuficha. Nyuma ya wale wasichana kuna kabati lenye kioo, na kwenye kioo uko wewe. Umeinua kiwiko, bangili zimeteremka, dera lako la maua ya zambarau. Uso hauonekani, mwanga wa flashi umekaa juu yake. Nimezipitia zote kabla ya kufutwa, Dada, na wewe umo katika hiyo tu. Miaka yote uliwapiga watu, hakuna aliyekupiga wewe. Hata mimi sikuwaza.

Basi nilipotoka kwenda kuwaomba ruhusa wale watatu, nilisema naenda kwa ajili ya Bi Rukia. Nusu yake ilikuwa kweli.

Wa kwanza ni jirani yetu, alikubali akiwa ameshika mwiko. Wa pili anapika kwenye nyumba ya wageni kule Shela. Nilimngoja mlango wa nyuma, akaja akifuta mikono, akasema, "Mwache mama amuone mwanawe. Mimi nimeridhia." Wa tatu ni Mwanakheri, aliyeolewa Matondoni. Huyo ndiye aliyenitia hofu. Siku hizi ameshika dini sana, hata glavu avaa.

Nilimkuta barazani ndani, akichambua mchele. Nikamweleza. Akasema, "Bi Mwanaidi, nakuheshimu, lakini mimi nimo mle na nywele zangu. Nikifa leo nitajibu nini? Ifute." Nikasema sawa, ni haki yako. Nikaiwasha, nikaipiga kofi lake, nikampa aifute mwenyewe kama wenziwe.

Hakubonyeza. Aliishika muda mrefu, punje za mchele zimemganda vidoleni. Mwishowe akasema, "Nilikuwa nimemshika kiwiko, asije akaharibu hina." Kisha akanirudishia. "Bi Rukia aiangalie. Yeye peke yake. Mwengine asiione, hata wewe. Na siku Bi Rukia atakapoondoka, uifute bila kuiangalia."

Nikasema nimekubali. Nilisema kabla sijafikiri, na nilipofikiri, ulimi ulikuwa umeshatoa neno. Sikumwambia habari ya kioo. Ningemwambia, ingekuwa namuomba kwa ajili yangu, na ruhusa haikuwa yangu kuiomba. Nilizima kamera bila kuitazama. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeikumbatia ndani ya buibui kama yai.

Sasa ndivyo tunavyoishi. Ijumaa Bi Rukia huja baada ya alasiri. Mimi huiwasha nikiwa nimeangalia ukuta, humpa, kisha nageuka kuelekea mlangoni na tasbihi yangu. Juzi nilishindwa. Nikamuuliza bila kugeuka, "Yuko?"

Akasema, "Yuko, anacheka." Halafu akaongeza, mwenyewe, sikumtuma, "Na dada yako yuko nyuma, kwenye kioo. Ameinua kiwiko."

"Bangili?"

"Zimeteremka."

Nikarudi kwenye tasbihi. Sikumbuki nilikuwa nimefika hesabu gani, nikaanza upya.

Kwa hiyo, Dada, uliniagiza nisiache moja, nami nimeacha moja. Nakuomba uniwie radhi. Kama Bi Rukia atatangulia mbele yangu, siku hiyohiyo nitaifuta, macho yangu yakiwa ukutani, nawe utaondoka pamoja na Salma. Kama nitatangulia mimi, nimeshamwonyesha mpwa wetu kitufe cha kuifutia siku Bi Rukia akiondoka, na nimemwambia asimwamshe mvivu kwa nguvu.

Lala salama. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Nitakuja Alhamisi kukusomea, kama kawaida, na maji ya kumwagia.

Mdogo wako,
Mwanaidi