Kitambaa cha Wapambe wa Harusi

Kaka Moosa,

Assalaam alaykum wewe na wote huko Kigoma. Mama anauliza kama mwanao ameanza kutembea.

Atelye yetu ya kushona imepata kompyuta. Patricia, fundi mwenzangu, amejifunza kupanga humo vipande vya nguo kabla mkasi haujagusa kitambaa. Juzi bibi harusi alileta kitambaa cha wapambe wake. Baba akakipima, akasema, "Apana, hakitatosha."

Nikamkalisha mbele ya kompyuta, Patricia akaukuza mchoro. Baba akatazama, akanyoosha kidole. "Mukono huu mugeuze, ulale kando ya kola."

Tukageuza. Magauni yote yakatoka, na mabaki hayakujaa hata kiganja.

Sasa nikwambie. Vile vitambaa Baba alivyokuwa akiviharibu mwaka huu, haukuwa uzembe. Macho yake yamefifia, naye alikuwa anatuficha. Daktari anasema hayatarudi kuwa ya zamani. Kukata nimechukua mimi. Kupanga ni kazi yake, na kila asubuhi ananitangulia kufika.

Ukimpigia simu, usimuulize habari za macho. Muulize habari za kompyuta, ila uwe na muda wa kutosha.

Dada yako akupendaye,
Ruqaya