Fungu la Shangazi Gulab

Kwa Dada Vasundhara,

Natumaini huko Pune hamjambo, na binti yako Tanvi amepona homa. Hapa Jodhpur jua linatuchoma, na Mama amekuwekea achari ya sangri, yale maganda membamba ya mti wa jangwani.

Bado nimepigwa na butwaa. Matanga ya Babu yalipokwisha, Baba alimwita Shangazi Gulab mbele ya ukoo ili amwachie yeye, kaka yake, fungu lake la urithi, kama mila itakavyo. Ni Baba huyuhuyu, Jaji wa Mahakama Kuu, ambaye hukumu zake zimewapa mabinti haki sawa na kaka zao. Hukumu nilizozitetea chuoni hadi sauti ikanikauka. Akanipa kalamu niwe shahidi.

"Baba, na hukumu zako?"

"Zile ni za mahakamani. Hapa mimi ni kaka wa mtu."

Nikamgeukia Shangazi, nikidhani nimepata wa kuniunga mkono. Akacheka.

"Mwanasheria wangu, nikichukua shamba, baba yako akanisusa, harusi ya binti yangu nani ataniletea zawadi za kaka, zile ambazo mjomba huja nazo? Wewe na vitabu vyako? Tia sahihi, chai inapoa."

Nilikataa. Dereva wa Baba akatia sahihi badala yangu, na tangu hapo Baba hanisemeshi.

Dada, ipo siku zamu itakuwa yako, na tutakaowekwa mbele ya ukoo ni wewe na mimi. Chukua fungu lako lote. Tanvi akiolewa, zawadi za kaka nitazileta, hata nikija peke yangu.

Mdogo wako,
Hemendra